Kuotesha miti ya matunda kwa pingili: homoni ya mizizi, vipimo vyake na makosa yanayoua pingili

Pingili nyingi (vipande vya tawi vinavyopandwa vitoe mizizi) zinazokufa kitaluni hazifi kwa kukosa homoni. Zinakufa kwa kiu, kwa kuoza, au kwa sababu zilikatwa kwenye tawi ambalo halikufaa tangu mwanzo. Homoni yenyewe huchukua sekunde chache tu, kati ya kukata na kupanda. Lakini ikipata tawi linalofaa na kipimo kinacholifaa, mizizi hutoka mapema, hutoka mingi, na huzunguka shina pande zote badala ya kuning'inia upande mmoja.

Homoni inafanya nini

Mmea hutengeneza homoni iitwayo auksini kwenye ncha za machipukizi na majani machanga, nayo hushuka kupitia shina kuelekea chini. Tawi likikatwa, auksini inarundikana pale kwenye kidonda. Seli zilizo karibu na mirija ya maji na chakula, ambazo zingebaki kuwa shina, huanza kugawanyika na kujipanga kuwa vichwa vya mizizi. Kuna miti yenye auksini ya kutosha kuifanya kazi hii yenyewe. Mingine inahitaji kuongezewa.

Auksini ya asili inayojulikana zaidi ni IAA, ila haidumu: mwanga huivunja, vimeng'enya vya mmea huivunja, vijidudu vya udongoni huivunja. Mwaka 1935 Zimmerman na Wilcoxon wa taasisi ya Boyce Thompson, Marekani, walionyesha kwamba IBA na NAA, auksini zinazotengenezwa kiwandani, nazo zinaotesha mizizi, na hadi leo hizo mbili ndizo zinazojaza karibu kila kopo na chupa ya homoni ya mizizi. IBA ndiyo ya kuanza nayo. Inadumu kwenye shina, na ukikosea kipimo kidogo haikuadhibu vikali. NAA ina nguvu lakini huunguza haraka, kwa hiyo mara nyingi huwekwa kidogo tu pamoja na IBA.

Kwa kuwa auksini hushuka, pingili ina juu na chini, hata ikiwa imelala mezani bila jani. Ukiipanda kichwa chini, mara nyingi mizizi haitoki. Na ikitoka, mmea haukui vizuri. Ndiyo maana wenye kitalu hukata chini mkato wa moja kwa moja na juu mkato wa mshazari. Ukikuta fungu la pingili 200 zimechanganyika, mkono unatambua mara moja upande wa kuchovya. Mshazari wa juu pia humwaga maji yasituame kwenye kidonda.

Miti inayokubali na isiyokubali

Mtini, mzabibu, mforosadi, mkomamanga na mpasheni hutoa mizizi kwa urahisi. Hii unaweza kuiotesha hata bila homoni. Faida ya homoni ni kwamba pingili zote hutoka karibu wakati mmoja na zikiwa na mizizi mingi. Mlimau, mndimu, mzeituni na mpera ziko katikati. Hapa homoni ni lazima ukitaka idadi ya maana, na pingili lazima ziwe na majani, jambo linalokudai ulinde unyevu wa hewa muda wote.

Mwembe na mparachichi mkubwa unaozaa tayari ni wagumu mno. Usipoteze chupa nzima ya homoni humo. Otesha mche wa mbegu kisha uubebeshe, yaani uunganishe juu yake kikonyo cha mti unaoutaka. Mlichi nao huoteshwa vizuri zaidi kwa kutoa mizizi tawi likiwa bado juu ya mti: unamenya pete ya gome, unapaka homoni kwenye ukingo wa juu wa pete, unafunga kwa kuvumwani au makumbi yaliyoloa ndani ya nailoni, na unalikata mizizi ikishaonekana.

Kabla hujakata, fikiria pia udongo utakaoupokea mti. Pingili hukua juu ya mizizi yake yenyewe, bila shina la chini lenye ustahimilivu. Mzabibu wa Ulaya uliooteshwa hivyo huangamizwa na mdudu wa filoksera pale alipo ardhini. Jamii ya malimau na machungwa kwenye udongo mzito unaotuama maji huoza mizizi kwa ugonjwa wa Phytophthora. Mahali pa namna hiyo, ubebeshaji juu ya shina stahimilivu bado ni njia bora, hata kama pingili zako zimetoa mizizi mizuri ajabu.

Kuchagua tawi

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, na ndipo watu wanapopita haraka.

Mti mama uwe na afya kamili. Pingili hurithi kila kitu, virusi na bakteria pamoja. Mlimau wenye majani ya madoa ya njano yasiyolingana pande mbili za jani unaweza kuwa na ugonjwa wa kijani wa michungwa, na kila pingili utakayotoa humo inaweza kuwa mgonjwa mpya. Mwagilia mti mama siku moja kabla, kata asubuhi na mapema wakati tawi limejaa maji.

Usichukue tawi lenye maua au matunda. Ua na tunda hula sukari ambayo mizizi inaihitaji. Likiwa ndilo tawi pekee ulilonalo, toa kila ua na kila kitumba. Epuka pia yale machipukizi marefu mno yaliyopanda wima kwa kasi, yenye vifundo (panapotoka majani) vilivyoachana sana: yana maji mengi na akiba ndogo. Tawi zuri lina vifundo vilivyokaribiana, unene wa penseli, yaani milimita 6 hadi 10, na limepata jua.

Umri wa tawi ndio unaoamua kipimo cha homoni, kwa hiyo jifunze kuutambua kwa vidole. Tawi changa ni la kijani, na ukilipinda kwa nguvu hukatika kwa mlio kama wa mboga mbichi. Tawi lililokomaa nusu limeanza kuwa la kahawia au mistari chini, juu bado kijani. Ukilipinda hurudi kama upinde. Tawi gumu limevaa gome kamili, ni la msimu uliopita, na halipindiki bila kuvunjika. Mtini, mzabibu na mkomamanga hupendelea tawi gumu, hasa likikatwa wakati mti umepumzika na haujachipua. Mlimau, mndimu na mzeituni hutaka lililokomaa nusu. Mpera na mpasheni hufanya vizuri kwa tawi changa au linaloanza kukomaa.

Mti ukiwa mzee na mgumu kutoa mizizi, pogoa tawi lake moja kubwa kwa nguvu miezi miwili au mitatu kabla. Machipukizi yatakayotoka karibu na shina huwa na tabia ya ujana na hutoa mizizi kuliko ncha za matawi ya juu yanayozaa. Hakuna kipimo cha homoni kinachoweza kufidia tawi lililozeeka.

Kipimo

Nguvu ya homoni huandikwa kwa ppm (sehemu ngapi katika milioni) au kwa asilimia. Asilimia 0.1 ni ppm 1000, asilimia 0.3 ni ppm 3000, asilimia 0.8 ni ppm 8000. Soma kibandiko kwa makini, maana tofauti ya 0.1 na 0.8 ni mara nane na makopo huweza kufanana.

Kwa IBA ya unga, ppm 1000 ni kwa tawi changa, 3000 kwa lililokomaa nusu, 8000 kwa tawi gumu. Kwa IBA ya maji, pingili inachovywa sekunde 3 hadi 5 tu, na maji hupenya kuliko unga, hivyo vipimo vya kuanzia mara nyingi ni vya chini kidogo: 500 hadi 1000 kwa mpasheni, 1000 hadi 3000 kwa mtini, mzabibu na mlimau, 2000 hadi 3000 kwa mkomamanga, na 3000 hadi 4000 kwa mpera na mzeituni. Hizi ni namba za kuanzia. Mti wako, msimu wako na tawi lako vitakuelekeza juu au chini.

Njia ya tatu ni kulowesha: sentimita 2 za chini zikae kwenye maji yenye ppm 20 hadi 200 kwa saa 12 hadi 24. Inafanya kazi, ila kiasi kinachoingia hubadilika na joto na unyevu wa chumba, na pingili zinazokaa ndoo moja huambukizana. Ikiwa una njia ya sekunde tano, itumie hiyo.

Kuzidisha ni kosa kubwa kuliko kupunguza. Auksini nyingi ni sumu ya mimea. 2,4-D, dawa maarufu ya kuua magugu, ni auksini ya kutengenezwa. Pingili iliyozidishiwa hugeuka nyeusi sentimita moja au mbili za chini, majani huwa ya njano na kudondoka, na macho ya juu (panapotoka machipukizi) hukataa kufunguka. Wakati mwingine mizizi hutoka juu ya sehemu nyeusi huku chini pakioza. Ukiona hivyo, punguza kipimo kwa nusu kwenye fungu linalofuata.

Kuchanganya homoni ya maji mwenyewe

Unahitaji IBA safi ya unga, mizani inayosoma gramu 0.01, silinda ya kupimia mililita, spiriti safi isiyo na rangi wala manukato (ethanoli ya asilimia 95 au isopropili), maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake au maji ya betri yasiyo na asidi, na chupa ya kioo cheusi au cha kahawia. Mizani ya jikoni haifai. Haiwezi kupima gramu 0.3 kwa uaminifu, na hapo ndipo vipimo vingi vya nyumbani vinapoharibikia.

Njia rahisi ni kutengeneza chupa moja kali, kisha kuipunguza unapohitaji:

1. Pima gramu 1 ya IBA, imimine kwenye mililita 50 za spiriti. Koroga hadi mchanganyiko uwe angavu kabisa, bila chembe hata moja. IBA ya kawaida haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo usianze na maji.
2. Ongeza maji polepole huku unakoroga, hadi ujazo wote ufike mililita 100. Hii ni ppm 10,000.
3. Ukitaka ppm 3000, chukua mililita 30 za chupa kali, ongeza mililita 70 za mchanganyiko wa spiriti na maji nusu kwa nusu. Kwa ppm 1000, chukua mililita 10 na uongeze 90.

Ukiona mchanganyiko unageuka mweupe kama maziwa wakati wa kuongeza maji, IBA inarudi kuwa chembe. Ongeza spiriti kidogokidogo hadi uwe angavu tena, na uhesabu ujazo mpya: kama umefika mililita 110, nguvu imeshuka hadi ppm 9,090 hivi. Usichovye pingili kwenye mchanganyiko wenye ukungu. Huwezi kujua zinapata kiasi gani.

Spiriti ya asilimia 50 hukausha na kuunguza matawi machanga. Kwa hayo tafuta IBA ya chumvi ya potasiamu, inayoandikwa K-IBA, ambayo huyeyuka moja kwa moja kwenye maji. Molekuli yake ni nzito zaidi, hivyo gramu 1.19 za K-IBA ndizo sawa na gramu 1 ya IBA ya kawaida. Tumia maji laini. Maji magumu yenye chokaa yanaweza kuifanya igande chini ya chupa.

Andika kwenye chupa jina, nguvu na tarehe. Weka kwenye friji, gizani, mbali na chakula na watoto. Vaa glavu, na ukishika unga vaa barakoa. Spiriti inawaka, kwa hiyo usichanganye karibu na jiko.

Kukata na kuchovya

Andaa kila kitu kabla ya kukata tawi la kwanza. Makasi ya kupogolea yawe makali. Makasi butu husaga badala ya kukata, na seli zilizosagwa huoza. Yapanguse kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapohamia mti mwingine. Vyungu viwe vimejazwa, vimemwagiliwa na kuchuruzika.

Pingili ya tawi gumu iwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20, yenye vifundo 3 au 4. Ya tawi changa, sentimita 10 hadi 15. Mkato wa chini upite milimita 3 hadi 5 chini ya kifundo, kwa sababu miti mingi hutoa mizizi kwa urahisi zaidi karibu na kifundo. Mkato wa juu uwe sentimita 1 hadi 2 juu ya jicho la mwisho. Ondoa majani yote yatakayozama kwenye udongo. Bakiza mawili au matatu ya juu, na kama ni mapana, yakate nusu kwa makasi. Jani hutengeneza chakula na auksini, lakini pia hupoteza maji ambayo pingili isiyo na mizizi haiwezi kuyarudisha.

Pingili ngumu huhitaji jeraha la makusudi. Shika pingili wima, chini ikielekea chini, weka wembe sentimita 2 hadi 2.5 kutoka mwisho na uparue gome kushuka, ukanda mwembamba, hadi uone utando wa kijani na mti mweupe chini yake. Fanya hivyo pande mbili zinazokabiliana. Usichimbe mti. Jeraha hili hufungua mlango wa homoni na mara nyingi mizizi hujipanga kwenye kingo zake, mstari mmoja kila upande, kama meno ya kitana. Tawi changa halihitaji.

Mtini una utomvu mweupe unaotiririka mara tu ukikata. Uache utoke dakika kadhaa, suuza sehemu ya chini kwa maji na ukaushe kwa kitambaa, la sivyo utomvu utafunika kidonda na homoni haitagusa kitu. Utomvu huo huwasha ngozi, hasa ukipigwa na jua baadaye, kwa hiyo glavu zisivuliwe.

Sasa kuchovya. Mimina homoni kidogo kwenye kikombe kidogo. Usichovye pingili kwenye kopo au chupa yenyewe, na mabaki ya kikombe yatupwe, yasirudishwe. Pingili chafu moja inaweza kuharibu chupa nzima. Kwa maji, zamisha sentimita 1.5 hadi 2, hesabu hadi tano, toa, uache ncha ikauke kwa dakika moja au mbili ili spiriti iondoke. Funga pingili 10 kwa mpira, vichwa vikiwa sawa, uchovye kwa pamoja. Zote zitapata muda uleule. Kwa unga, loweza ncha kidogo, kung'uta maji, bonyeza kwenye unga, kisha gonga pingili kwenye ukingo wa kikombe ili unga uliozidi udondoke. Ubaki utando mwembamba tu. Donge la unga halileti mizizi zaidi, linaongeza hatari ya kuunguza.

Usisukume pingili moja kwa moja kwenye udongo. Toboa tundu kwanza kwa kijiti kinene kuliko pingili, iingize, kisha bana udongo kwa vidole viwili. Bila tundu, unga wote unabaki juu ya udongo na pingili inaingia tupu. Kosa hili ni la kawaida mno, na mtu huishia kulaumu kopo.

Mahali pa kuoteshea

Udongo wa bustani na samadi vikae mbali. Pingili haina mizizi ya kula mbolea, na samadi huleta vimelea vya kuoza. Kinachotakiwa ni kitu kinachoshika unyevu huku kikipitisha hewa: mchanga mkubwa uliooshwa, uliochanganywa nusu kwa nusu na makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi, au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba ulioumuliwa kwa joto) badala ya mchanga, au pumba za mpunga zilizounguzwa hadi kuwa nyeusi bila kuwa majivu. Jaribu kwa kiganja: ukiminya kwa nguvu, yatoke matone machache tu. Yakitiririka, umezidisha maji.

Chungu kiwe na kina cha sentimita 12 hadi 15 na matundu chini. Vifundo viwili vizame, au angalau kimoja kwa pingili fupi. Pingili zisigusane majani.

Zenye majani huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hadi 95. Chomeka vijiti vinne, funika kwa nailoni angavu, weka kwenye kivuli cha neti kinachozuia nusu au zaidi ya jua. Kamwe usiweke hema la nailoni kwenye jua kamili: ndani hupanda joto kwa dakika chache na pingili huiva. Nyunyizia majani maji laini kama ukungu asubuhi, mchana na jioni. Fungua hema dakika chache kila siku hewa ibadilike. Udongo wenyewe umwagilie pale tu sehemu ya juu inapoanza kukauka. Hili linawachanganya wengi. Majani yanataka hewa yenye maji, lakini chini panataka oksijeni, na maji yaliyotuama huifukuza. Joto la udongo la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi linafaa miti mingi ya matunda.

Pingili za tawi gumu zisizo na majani hazihitaji hema. Zinahitaji kivuli, udongo wenye unyevu kiasi, na subira.

Kusubiri na kusoma dalili

Mpasheni hutoa mizizi wiki ya 3 au 4, mtini na mforosadi wiki ya 3 hadi 6, mzabibu wiki ya 4 hadi 6, mkomamanga wiki ya 4 hadi 8, mlimau wiki ya 6 hadi 8, mpera na mzeituni wiki ya 8 hadi 12. Usizing'oe kuangalia. Vuta kidogo kwa vidole viwili. Ikikataa kutoka, mizizi imeshika. Au chungulia matundu ya chini ya chungu.

Majani mapya si ushahidi wa mizizi. Mtini hasa hufunguka macho ndani ya wiki mbili kwa akiba iliyo ndani ya shina, mkulima anafurahi, anaihamishia juani, na siku ya tatu majani yamelala. Subiri mizizi.

Ukikuta uvimbe mweupe wa chembechembe chini ya pingili bila mzizi hata mmoja, hiyo ni kalusi. Si ugonjwa. Ila ikiendelea kuvimba wiki baada ya wiki, mara nyingi homoni ilikuwa ndogo au tawi lilikuwa limezeeka. Unaweza kuparua kalusi iliyozidi, kuchovya tena kwa kipimo kilekile na kupanda upya, nyingine huokoka.

Weusi laini unaopanda kutoka chini na kutoa harufu ni uozo: maji mengi, chombo kichafu au udongo wenye vimelea. Weusi mkavu wenye mpaka unaoonekana wazi ni homoni iliyozidi. Majani yakinyauka siku ya kwanza au ya pili, hewa ni kavu au uliacha pingili mezani muda mrefu bila kuzifunika kwa kitambaa kilicholoa. Majani yakidondoka mapema kwenye mlimau, pingili hiyo karibu imekwisha, kwa kuwa jani ndilo lililokuwa likiilisha.

Kuhusu asali, mdalasini na vitu vingine vya jikoni: asali na mdalasini vinaweza kupunguza vimelea kwenye kidonda, lakini si homoni ya mizizi. Maji ya dafu yana saitokinini, homoni inayosukuma machipukizi na ambayo ikizidi huzuia mizizi. Kwa mtini na mforosadi utaona kama vinafanya kazi, kwa sababu miti hiyo ingeota hata bila kitu. Vijaribu kwenye mzeituni uone tofauti.

Njia bora ya kupata kipimo cha mti wako ni kugawa fungu la kwanza: pingili 10 bila homoni, 10 kwa ppm 1000, 10 kwa ppm 3000, zote kutoka mti mmoja, siku moja, udongo mmoja. Weka kibandiko chenye tarehe. Baada ya wiki zinazotakiwa, hesabu zilizotoa mizizi na pia idadi ya mizizi kwa kila moja. Zile 10 tupu usiziache. Bila hizo hutajua kama homoni imefanya lolote.

Kuhamisha

Mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5, anza kuifundisha pingili hewa ya kawaida. Fungua hema saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, uendelee hivyo kwa siku 7 hadi 14 hadi nailoni iondoke kabisa. Kisha hamishia kwenye mfuko wenye udongo mwepesi uliochanganywa na mboji iliyoiva, ukishika pingili kwa shina na kijiko chini ya mizizi. Mizizi hii ya kwanza ni minene, myeupe na hukatika kama uzi uliooza. Mtini ndio dhaifu kuliko yote. Mbolea ya maji ianze wiki mbili baadaye, nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kifungashio.

Mti wa pingili hauna mzizi mkuu unaochimba chini kama wa mbegu. Ukiupeleka shambani, upigie vigingi vya kuushikilia mwaka wa kwanza na wa pili, hasa penye upepo. Na kwa kuwa tawi lilitoka kwenye mti unaozaa, unaweza kuchanua ukiwa na urefu wa goti tu. Yatoe maua hayo ya mwanzo hadi shina liwe nene na mizizi iwe imeshika ardhi.